Povu Jekundu

Walisema sitamaliza chuo, nikamaliza. Stashahada yangu ya hoteli ipo ukutani sebuleni, na kila anayeingia huiona kabla hajakaa. Walisema hoteli za visiwani zitanitoa jasho nirudi na ndara. Nimerudi Korogwe na nyumba ya matofali ya kuchoma, na hakuna aliyenichangia hata bati moja.

Lililoniuma ni neno la mjomba wangu wa Kerenge. Yeye ndiye mwenye kauli juu ya kiwanja cha ukoo pale Segera, ninapotaka kufungua mgahawa wa wasafiri. Alipoulizwa, alisema, "Mpwa wangu anajua majina ya vyakula. Ladha haijui. Atatutia aibu barabarani."

Mimi! Niliyehudumia meza miaka kumi na moja!

Basi nikamwalika Jumapili mchana aje ale kwangu na aonje kitu ambacho Kerenge nzima haijakionja: mvinyo mwekundu wa Italia, niliopewa na bosi wangu Mwitaliano siku ya kuagana. Hata mimi aina hiyo nilikuwa sijawahi kuionja, lakini mvinyo mwekundu ni mvinyo mwekundu, nilijiambia. Nikaazima glasi sita za miguu kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu, naye nikamwalika. Nikachoma mbavu za mbuzi.

Mjomba alifika na kofia yake ya Jumapili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hiyo ndiyo karatasi yenyewe?" Akaitazama stashahada kama mtu anayetazama kalenda ya mwaka jana.

Nikafungua chupa kwa madaha, kitambaa mkononi. Ikalia pwaa! Povu jekundu likapanda, likamwagika juu ya kitambaa cha meza cha mke wangu. Nilisimama kama nimepigwa kofi. Chuoni tulifundishwa kwamba mvinyo unaotoa povu ni ule wa sherehe, mweupe. Huu mwekundu ulikuwa umekaa kabatini miezi kadhaa katika joto la Korogwe. Bosi amenipa uozo! Baada ya miaka yote ile!

"Umeharibika," nikasema, nikaelekea nyuma ya nyumba kuumwaga.

"Weka chini," alisema mjomba.

"Mjomba, hii ndiyo kazi yangu."

"Na pombe ni kazi yangu. Weka chini."

Mjomba amepika boha, pombe yetu ya miwa, tangu sijazaliwa. Akajimiminia, akalipuliza povu pembeni kama anavyofanya kwenye kibuyu. Akanusa. Akanywa, akaulaza ulimini.

"Uliooza hunuka siki, na huacha utelezi mdomoni. Huu unakausha ulimi kama zambarau. Ni mzima, ila una joto. Boha iliyopigwa na jua namna hii huwa tunaipoza kwenye mtungi kwanza." Akamgeukia mwalimu. "Karatasi ilimfundisha kumimina tu."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Nyumbani kwangu! Kwenye viti vyangu!

Nikampigia simu bosi nikiwa tayari kwa ugomvi. Naye akacheka. Unaitwa Lambrusko, akasema; ni mwekundu, una povu, na hunywewa baridi. Hakuna mwalimu wa chuo aliyewahi kuutaja. Ada walichukua yote.

Nikaitia chupa kwenye friji. Tuliporudia, nami nikaonja: zambarau kweli, na ukali kidogo kama ukwaju, povu likichezacheza. Hapo ndipo nilipokumbuka ninachokijua. Nikamkatia mjomba ubavu wenye mafuta mengi. "Tafuna, halafu unywe juu yake."

Akatafuna. Akanywa. Akapitisha ulimi kwenye meno.

"Mafuta yameondoka," akasema.

"Yameondoka."

Akaomba ubavu mwingine, na mwingine. Wa nne alijikatia mwenyewe.

"Povu nimelijua mimi," alisema akijifuta vidole. "Nyama umeijua wewe. Kiwanja chukua. Lakini kwanza rudisha vyombo vya watu; Mwalimu amenidokeza. Mtu wa hoteli gani anaazima glasi?"

Sikulala vizuri kwa neno hilo. Asubuhi nikaziosha glasi zote sita, nikazifunga kwenye gazeti. Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu, na glasi ya miguu utaijaza nini? Nikaziweka kwenye kapu, nikalijaza machungwa ya Handeni mpaka mkono ukaniuma. Kifungulio nacho nilikuwa nimekiazima kwa mwenye baa. Kikarudi na mbavu mbili. Sikubakiza cha mtu.

Mwalimu alizifungua gazeti moja moja, akaziinua kwenye mwanga.

"Na kiwanja?"

"Nimepewa."

"Basi nunua glasi zako."

"Nimeagiza dazeni tatu, Mwalimu," nikamwambia. "Siku ukipata wageni, njoo uazime."