Maji Yaliyokaa Juani

Kazini walimwita Mama Vifuniko, na jina likamkaa. Alikuwa mpimaji wa maji kwenye maabara, na hakuna chupa iliyopita mikononi mwake bila kukazwa mpaka viganja vikamwasha. Hata jikoni kwake sufuria hazikupumua. Watu wacheke tu, sababu alikuwa nayo. Jua likiyakuta maji wazi huchukua chembe nyepesi kwanza, nzito zikabaki. Ndiyo maana kwenye mashine ya maabara mvua iliyozama ardhini husomeka nyepesi, na maji yaliyokaa bwawani husomeka mazito. Mashine haijui undugu.

Alhamisi alipima maji ya kisima cha baba yake. Mzee alikichimba mwenyewe baada ya kustaafu, akawa anawagawia majirani bure na kujigamba kwamba ni mvua tupu. Yakasomeka mazito. Na bwawa la karibu lilikuwa moja tu, la maji machafu ya kiwanda cha ngozi, nyuma ya ukuta wa ua wa mzee.

Kwa mara ya kwanza maishani aliomba awe mzembe: labda kifuniko kililegea, jua likafanya yake njiani. Ijumaa akapima tena. Jumamosi akaenda kuchota mengine, akamwambia baba kwamba chupa ya kwanza imevunjika, akaondoka bila hata kukaa. Usingizi ukamhama. Jumapili alishinda akifungua na kufunga madirisha mpaka mumewe akauliza, "Kwani umepoteza nini, mama?" Jumatatu mashine ikasema yale yale.

Alimkuta mzee uani, akijaza madumu ya watu.

"Shikamoo, baba. Usiwape tena. Haya ni maji ya bwawa la ngozi, yanapita chini kwa chini."

"Marahaba. Una hakika? Si huenda chupa ilivuja?"

Alitamani sana kusema ndiyo.

"Nimepima mara tatu, baba. Nilitaka liwe kosa langu."

Mzee akaweka ndoo chini. Hakubisha, na hilo lilimuumiza binti yake kuliko ugomvi.

"Mara ya kwanza ulipima lini?"

"Alhamisi."

"Na leo Jumatatu." Mzee alianza kuyamwaga madumu, moja baada ya jingine. "Jumamosi ulikuwa hapa, mwanangu. Jirani alikuwa amekaa pale, anamnywesha mtoto maji haya. Ukamsalimia, ukapita."