Nguo Hazijakauka

Mume wangu alifia Magoma, chini kwenye joto, na wanaume wa kijiji wakampandisha kwa machela mpaka kwetu upande wa Mgwashi. Njia ile ni mwinuko mtupu. Walipofika walikuwa wamelowa jasho utadhani wamenyeshewa, na mimi jambo la kwanza nililofikiri ni maji ya kuwapa wanywe. Sikulia siku ile wala siku ya maziko. Wanawake waliokaa nami msibani walikuwa wakilia, wakinitazama wananyamaza, kisha wanaanza tena.

Sisi watu wa milimani tukishuka nyika malaria hutuwahi. Kila mtu kwetu analijua hilo, na yeye alilijua. Alikuwa fundi wa msumeno kwenye kiwanda cha mbao cha serikali. Ilipokuja miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara huria, kiwanda kikasimama, na neno redandansi, yaani kupunguzwa kazini, likaingia kijijini mara moja, hata watoto wakawa wanalitumia kwenye michezo yao. Siwezi kusema uongo, ruksa ilileta na mengine. Sukari ilionekana dukani, sabuni ikawa ya kuchagua, na mitumba ikaja. Mume wangu akaingia kwenye mitumba. Alichukua nguo Korogwe, akauza kwenye gulio la Magoma, akapanda nyumbani na zilizobaki.

Aliacha sanduku la bati lenye nguo zake mwenyewe, na kiroba cha mitumba ambayo haikuuzwa.

Desturi yetu, nguo za marehemu hugawiwa ndugu zake baada ya arobaini. Arobaini ikapita nikiwa ndani ya eda. Eda nayo ikaisha. Nguo zikabaki sandukuni. Nilikuwa nikifungua, harufu yake inanipiga usoni, ninafunga. Watu walidhani ninaumia sana. Ukweli ni kwamba sikusikia kitu chochote, ila mikono ilikuwa inagoma kwenda mbele ya pale.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuja mara ya kwanza kwa upole. Alinipa shikamoo, akakaa, akazungumzia mvua na viazi, akaondoka. Mara ya pili alisema wazee wanauliza. Mara ya tatu hakuzunguka.

“Shemeji, kaka hawezi kutulia wakati nguo zake zimefungiwa. Watu wanasema unamngoja arudi azivae.”

Nikamwambia aje siku ya gulio, nitakuwa tayari. Nilisema hivyo ili aondoke.

Nilikuwa mfuaji wa zahanati ya masista. Mashuka, mataulo, makoti meupe ya wauguzi, vyote vilipita mikononi mwangu kwenye karo iliyokuwa nyuma ya jengo. Mimi ni Mwislamu, na hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa tatizo. Muuguzi mkubwa pale alikuwa sista mmoja mtu mzima, mfupi, mweusi wa kahawia kama sisi, nywele zake nyeupe zimenyooka. Wagonjwa wageni walimwita Mzungu na yeye aliwakatalia. Alitoka La Paz, mji wa Bolivia, Amerika ya Kusini. Kiswahili alikuwa amejifunza kwa wagonjwa, kwa hiyo maneno ya maumivu aliyajua yote lakini alishindwa kuitaja harusi.

Alikuwa na tabia ya kuja kukaa karoni akipumzika, anamenya viazi vya chakula cha mchana huku anazungumza. Siku moja nikaviita viazi ulaya, kama tunavyoviita wote. Aliweka kisu chini. Akaniambia Ulaya waliviiba kwao. Babu zake walikuwa wakivilima kabla Mzungu hajajua kama duniani kuna kiazi, na kwao wanavianika usiku kwenye baridi kali mpaka vigande, kisha wanavikanyaga kwa miguu mitupu kuvitoa maji, vinakaa miaka. Nikamwambia huku kwetu ukikanyaga chakula mama yako atakuchapa. Alicheka mpaka akafuta macho kwa aproni.

Ndivyo nilivyoujua mji ule ambao sitaufikia. Ni mji mkuu, serikali iko pale, ingawa kwenye karatasi mji mkuu ni mwingine. Hilo halikunisumbua, nilimwambia na sisi tuna Dodoma na tuna Dar es Salaam. Umekaa ndani ya bonde lenye kina kama bakuli, na juu ya ukingo wa bakuli kuna uwanda mkubwa wa baridi. Wahispania walijenga chini, karibu na mto uliokuwa na dhahabu. Wenyeji wakabaki pembeni. Zamani hizo wenyeji waliwahi kushuka wakauzingira mji miezi mingi, watu wa ndani wakala ngozi za viatu. Mwishowe wakashindwa, na kiongozi wao akafungwa kwenye farasi wanne wakamvuta kila mmoja kwake. Sista alisimulia hayo huku anamenya, bila kupandisha sauti. Alisema bibi yake mwenyewe, aliyevaa sketi pana ya marinda na kofia nyeusi ya mviringo kama wanawake wote wa kwao, alikuwa akizuiwa kuingia baadhi ya mahoteli ya mji ule ambao ukoo wake uliujenga kwa mikono. Mto wa dhahabu sasa umefunikwa kwa zege na unanuka.

Nilimuuliza kama wanakula mirungi, maana alisema watu wa kwao hutafuna majani kupambana na njaa na baridi. Akasema majani yao ni mengine. Nikamwambia hata wa kwetu wakikamatwa husema hivyo.

Basi wiki ile niliyomwekea shemeji siku, gari la zahanati lilirudi kutoka Lushoto na barua za masista. Kesho yake asubuhi Sista alitoa dawa kama kawaida, akasafisha vidonda, akamfunga mtoto mkono. Adhuhuri alikuja karoni bila viazi. Alisimama tu.

“Kaka yangu amekufa,” alisema. “Wamemzika. Barua imechukua muda mrefu njiani.”

Nikakausha mikono yangu kwenye kanga, nikamshika. Hakulia. Nilimwelewa.

Masista wenzake walipanga kumwombea misa, na kwao ilitosha. Kwetu haitoshi. Nilipita nyumba kwa nyumba nikasema Sista amefiwa, na jioni ileile wanawake wakaja kwenye ukumbi wa zahanati na mikeka, unga, maharage na kuni, Waislamu, Walutheri na wale Wakatoliki wachache. Wengine waliona ajabu kukaa matanga ya mtu ambaye hakuna aliyemjua na ambaye ameshazikwa siku nyingi. Lakini walikaa. Sista alitaka kuwapa viti, wakamkataza, wakamshusha naye chini mkekani.

Msibani watu huuliza marehemu alikuwa nani, maana huwezi kumlilia usiyemjua. Aliyeuliza ni bibi mmoja jirani yangu, mkunga wa jadi, mtu wa maneno. Sista akaeleza. Kaka yake alikuwa mchimbaji wa bati kwenye mgodi wa serikali. Bei ya bati ikaanguka, serikali ikafunga migodi, wachimbaji wakaambiwa waende watakakojua. Maelfu yao walifuata mji mkuu na watoto na vyombo, na yeye akiwemo. Akajenga chumba cha matofali ya udongo, pasipo maji wala choo, akawa anauza mitumba kwenye soko kubwa la huko. Kifua chake kilikuwa kimejaa vumbi la mgodi. Ndicho kilichomuua.

“Alikaa mjini kwenyewe?” bibi akauliza.

“Juu ya mji.”

“Juu kabisa?”

“Kabisa, bibi. Ukingoni.”

Bibi akawageukia wenzake akitikisa kichwa kwa heshima. “Basi alikuwa mtu mkubwa.”

Hakuna aliyeshangaa, maana kwetu ndivyo ilivyo. Wafalme wetu wa zamani walikaa Vugha, juu. Wajerumani walipokuja wakapanda Lushoto. Kushuka nyika ni kwa mwenye shida. Wanawake wakaanza kumpa Sista pole ya mtu aliyefiwa na mkubwa wa ukoo, na mmoja akauliza kama kaka alikuwa na ng'ombe.

Sista alingoja wamalize. “Hapana, mama zangu. Kwetu matajiri wanakaa chini, kwenye joto, ambako mtu anapumua vizuri. Maskini ndio wanakaa juu. Kadiri unavyokosa, ndivyo unavyopanda.”

Kisha yule bibi akasema, “Kumbe wa kwenu umaskini unapanda mlima. Wa kwetu unateremka Magoma.”

Mara akaniona nimekaa pale, akafunga mdomo kwa kanga. Mimi sikuona ubaya. Nilikuwa nafikiria watu wawili wamesimama nyuma ya chungu za mitumba, mmoja ametota jasho, mwingine anatetemeka kwa baridi, na wote wawili hawakuwahi kuuza nguo kabla ya hapo.

Matanga yalipoisha Sista alirudi karoni na viazi vyake. Nilikuwa nakamua shuka. Akaniambia kwao, siku ya nane baada ya kifo, ndugu huchukua nguo za marehemu wakaenda kuzifua mtoni. Wanazifua zote. Mpaka zifuliwe, mtu hajaondoka vizuri. Alisema kule watakuwa wamezifua, lakini yeye ni dada wa pekee na ilikuwa kazi yake.

“Mimi sina hata soksi yake,” akasema.

Nilimaliza mashuka, nikayaanika, nikaenda nyumbani. Nilivuta sanduku uvunguni nikalitoa nje bila kulifungua. Nikalibeba kichwani mpaka kwa Sista, nikarudi nikachukua na kiroba. Nikamwambia twende mtoni, mimi nina sanduku langu, na wewe chagua kwenye kiroba nguo itakayokuwa ya kaka yako.

Mto wetu una mawe mapana ambayo wanawake hufulia. Sista alivua viatu na soksi, akakunja gauni, akaingia majini akivuta pumzi kwa baridi. Alimwaga kiroba juu ya jiwe akaanza kuchagua. Alichukua jaketi jeusi, akalinyoosha mbele yake, akalirudisha.

“Kaka yangu alikuwa mfupi,” akasema.

Alipata koti la sufu la kijivu, zito, lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Akalipima mikono kwa mkono wake. Akalizamisha.

Mimi nilifungua sanduku. Harufu ikatoka, na safari hii sikufunga, kwa sababu mikono ilikuwa kazini na kazi hiyo inaijua. Shati, shati, kanzu ya Ijumaa. Kola za mashati ya gulio zilikuwa na mstari wa jasho. Nilizipaka sabuni nikazisugua kama ninavyosugua za watu wote. Nilipogeuza mfuko wa suruali ya kaki, suruali yake ya kiwandani, likatoka vumbi la mbao. Kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka, na mimi mwenyewe niliifua suruali ile mara ngapi, lakini vumbi lilikuwa bado kwenye mshono. Likaelea juu ya maji kidogo likaenda. Nikatazama lilikoelekea mpaka sikuliona.

Sista alikuwa analipiga koti lake juu ya jiwe na analia kwa sauti, kwa lugha ya kwao. Mimi sikulia. Niliendelea na kanzu.

Alisema kwao jua la juu ni kali, nguo zikifuliwa asubuhi mchana zimekauka. Hapa kwetu ukungu ulishuka alasiri ileile na haukuondoka. Nilizianika zote nyuma ya nyumba yangu, pamoja na lile koti, kwa sababu kamba za zahanati zilikuwa na mashuka. Siku ya gulio shemeji akaja.

“Shikamoo, shemeji. Nimekuja.”

“Marahaba. Hazijakauka.”

Hakuelewa. Nikampeleka nyuma akaziona zimejipanga kwenye kamba, zinadondosha maji. Akauliza nguo za marehemu zimefuliwa za nini, nikamwambia zilikuwa chafu. Akanywa chai akaondoka. Akaja kesho yake, ukungu bado uko. Safari hii hakuuliza, alikaa nami jikoni, tukaanza kumzungumza kaka yake, kwanza habari za kiwanda, halafu habari za utoto wao. Sikuwa nimeyajua mengi ya yale. Mara nyingine alitoka akagusa nguo, akarudi akasema, “Bado.”

Jua lilipotoka alifika asubuhi mapema. Tukazianua pamoja. Nilikunja, nikampa, naye akapanga kwenye shuka moja baada ya nyingine. Sikubakiza. Alipofika mwisho wa kamba akashika lile koti la sufu, lililokuwa bado na unyevu kwapani.

“Na hili? Hili zuri.”

“Hilo lina mwenyewe.”

“Nani?”

“Kaka yake Sista.”

“Yuko wapi?”

“Amefariki. Alikuwa akiuza mitumba.”

Shemeji akalitoa kambani. Akaling'uta, akalikunja taratibu, mikono ndani, kifungo kile kimoja juu, akanikabidhi kwa mikono miwili. Kisha akafunga mzigo wake, akaaga, na mimi nikalichukua koti nikaenda nalo kazini.