Kitabu alichokiacha Neema

Jamani, leo nimemsubiri mtu ambaye hayupo.

Mjukuu wangu Neema amerudi shule ya bweni asubuhi, akaacha kitabu chake cha hadithi kwenye kochi. Ni cha vijana: mabinti wawili, marafiki, wako likizo kwa shangazi, wanagombania gauni moja.

Nikakichukua. Nyumba kimya, nami nacheka peke yangu hapa Utemini!

Nilipofika chini ya ukurasa, mkono ukagoma kufunua. Nikakaa tu.

Kumbe namsubiri Mariamu.

Enzi za Mwingereza, kule Shelui, mimi na rafiki yangu Mariamu tulikuwa na kitabu kimoja cha hadithi. Likizo tulitumwa shambani kufukuza ndege kwenye mtama, sisi tukasoma. Mimi nilikuwa mwepesi, yeye taratibu. Nikimaliza ukurasa nilingoja mpaka aseme, "Haya, fungua."

(Ndege walikula mtama. Mama alituchapa wote, hakujali yupi ni mwanawe.)

Mariamu tulimzika mwaka juzi.

Basi nikampigia Neema, bado yuko ndani ya basi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hiki kitabu chako, umefika wapi? Nikungoje tusome pamoja?"

"Aa, soma tu bibi! Mimi nilishakimaliza."

"Haya, mama. Safari njema."

Nikafunua mwenyewe. Gauni limechanika katikati, mabinti wote wawili wanalia!

Sikuwa na wa kumwambia, ndiyo maana nawaambia ninyi.