Anayeijua Njia ya Ziwa la Juu

Naitwa Batuli binti Abbasi, wa milima ya Kondoa. Shule sikwenda. Mwaka ambao wenzangu waliandikishwa, mimi nilipelekwa kukata mafunjo kwenye maziwa mawili madogo yaliyo juu ya mlima wetu, mama apate ya kusukia majamvi. Ninayakata mpaka leo, na umri wangu ni miaka arobaini na tisa. Mume wangu alipofariki, ndugu zake walichukua shamba lote. Mlima ulikuwa mzito kwao, wakaniachia.

Siku hizi watu wa Dodoma wanapenda kupanda milima. Huja Jumamosi, wakapanda asubuhi na kushuka jioni. Makundi matatu ya kwanza niliyaongoza mimi. Shemeji yangu Yahaya, mdogo wa marehemu, alikuwa akibaki ziwa la chini kupika, na jioni, kwa kuwa anajua kuandika, alijaza daftari la wageni ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa ametangaza kwamba baada ya kundi la nne ataangalia daftari na kumteua kiongozi wa kudumu. Kazi hiyo niliitaka. Nyingine sina.

Kundi la nne walikuwa watumishi sita wa serikali. Asubuhi, pale ofisi ya kijiji, dada mmoja, Cecilia, alifungua daftari ili asaini, akasoma kwa sauti:

"Kiongozi, Yahaya. Kiongozi, Yahaya. Kiongozi, Yahaya." Akanitazama. "Mama, kumbe wewe ndiye Yahaya?"

Wenzake wakacheka. Nikamgeukia shemeji.

"Si ulisema unaandika jina langu?"

"Aa, shemeji, sisi si ukoo mmoja? Lako na langu tofauti iko wapi?"

"Basi leo ongoza wewe."

Nikajitwika sufuria, nikakaa nyuma.

Mpaka ziwa la chini njia ni moja, hata mbuzi wanaijua. Palikuwa na ukungu na baridi. Batholomeo, mwanamume mnene kuliko wote, alikuwa akisimama kila baada ya hatua kumi.

"Aliyesema ni karibu yuko wapi? Aletwe hapa nimwone."

Ziwa la chini tukala, tukaendelea.

Ziwa la juu ni jambo jingine. Mafunjo yake hayakuota ardhini. Yanaelea, na mizizi imesukana hadi asiyejua huona uwanja wa majani. Sisi wakataji huzunguka upande wa miamba. Yahaya hakuwahi kufika pale. Akaona uwanja, akaona maji yanang'aa mbele, akakatiza moja kwa moja.

Nilipata muda wa kumwita. Sikumwita. Niliwatandazia wageni mikono nikawaambia, "Ninyi simameni hapo hapo."

Hatua ya tano akazama mpaka kiunoni.

"Shemeji! Nipe mkono!"

Wakataji hatupeani mkono pale. Anayevutwa humvuta anayevuta. "Lala kifudifudi," nikamwambia. "Usipige mateke." Nikatoa mundu, nikaanza kukata mafunjo na kuyafunga.

"Mama, fanya haraka!" alisema Batholomeo.

"Haraka ndiyo iliyomwingiza."

Nikamtupia mzigo wa kwanza akaukumbatia, wa pili nikautandika mbele yake. Akatambaa juu yake mpaka kwenye jiwe. Kiatu kimoja kilibaki humo. Wageni nikawapitisha miambani, wakaliona ziwa, wakapiga picha, nikawashusha.

Ofisini Cecilia aliandika jina langu. Mwenyekiti akapekua kurasa.

"Yahaya mara tatu, Batuli mara moja."

"Mwenyekiti, leo tumeona kwa macho yetu," alisema Cecilia.

"Dada yangu, mimi nasoma kilichoandikwa."

"Sawa," nikasema. "Jumamosi ijayo wapo wengine. Yahaya awapeleke ziwa la juu."

Yahaya alikuwa amekaa kizingitini, tope limemkaukia mpaka mkanda. Watu wote wakamtazama.

"Mpe yeye," alisema. "Mimi huko siendi tena."

"Na daftari je?" aliuliza mwenyekiti.

"Niliandika mimi. Huko juu leo ndiyo mara yangu ya kwanza."

Alisema hivyo akiangalia mguu wake usio na kiatu. Radhi hakuniomba, na shamba hakulitaja. Mwenyekiti akaandika karatasi ya kuniteua, akanisogezea wino.

"Weka dole gumba hapa, mama."

Nikampa Cecilia anisomee kwanza, kisha nikaweka.