Wimbo Nilioukana Mbele ya Mwami

Mkinicheka sitawazuia, maana mke wangu Koku alianza kunicheka siku ile ile na mpaka leo hajamaliza, ila jueni kwanza kwamba mtu akiogopa viboko hasemi anachotaka, anasema kinachomtoka, na mimi kilichonitoka ni aibu tupu.

Zilikuwa enzi za Mwingereza, mimi kijana wa Mabira, mpiga enanga, ile ya ubao wa kuchonga na nyuzi za mishipa ya ng'ombe, na nilijiona mtunzi kwelikweli. Nyimbo zangu zilikuwa ndefu, zina maneno ya ndani, zinasifu ng'ombe mmoja mmoja kwa jina na kwa pembe zake, na watu walizisikiliza kwa adabu huku wakichungulia kama chakula kimeiva. (Adabu ya wasikilizaji ni kitu kibaya sana kwa mtunzi.) Mpaka siku moja tulikuwa kwa shemeji yangu Kaijage tunakamua ndizi za rubisi, wanaume tumo ndani ya mtumbwi wa kukamulia, tunakanyaga ndizi na nyasi mpaka maji ya ndizi yatoke, na Kaijage mwenyewe, mwenye pombe, haonekani. Nikaimba kwa hasira tu, nikifuata miguu: "Tulipokanyaga, nani hatukumwona?" Nikanyamaza nivute pumzi, wenzangu wakajaza wenyewe: "Kaijage." Nikamalizia: "Mbona kibuyu anakijua?"

Basi, ndio wimbo wote. Maneno machache, mwendo ni wa miguu ambayo kila mtu anayo, na katikati pana nafasi tupu ambayo msikilizaji anaweka jina analotaka yeye. Nilijaribu baadaye kuijaza ile nafasi kwa ufundi wangu, wimbo ukafa. Nikaiacha wazi, ukafufuka. Haukupita muda ukawa unaimbwa kwenye kila mtumbwi mpaka Bugomora, wachunga ng'ombe wanaupiga mbinja, na hapo nikajua kwamba wimbo mzuri ni ule unaoweza kwenda bila wewe. Sikujua bado kwamba jambo hilo linatisha.

Mwami wetu (ndiye aliyekuwa mkubwa wa eneo letu, mwenye baraza na askari, na kiboko chake kilining'inia mlangoni pa baraza kila mtu akione) akamwoza binti yake, nikaitwa kupiga enanga uwanjani mbele ya baraza. Nilimwahidi Koku nitaimba sifa za ng'ombe, basi. Nikaanza vizuri. Mwami kakaa mbele kwenye kiti chake, kibuyu mkononi, mrija mdomoni, na nyuma yake watu wanapiga miayo, mama mkwe wangu anasinzia waziwazi. Jamani, mtunzi anaweza kuvumilia njaa, miayo haiwezi. Nikajiambia nichomeke ubeti mmoja tu wa ule wimbo mwingine, niwaamshe, halafu nirudi kwa ng'ombe.

Uwanja wote ukainuka, ukaanza kukanyaga. Wakamtaja Kaijage kwanza, akacheka akainua kibuyu. Wakamtaja fundi cherehani, naye akacheka. Kisha wanawake wakamtaja karani wa baraza, na karani hakucheka. Hapo mgongo wangu ukapoa, kwa sababu niliona wanakoelekea: kutoka kwa shemeji hadi kwa fundi, kutoka kwa fundi hadi kwa karani, na juu ya karani amebaki mtu mmoja tu. Na kwa desturi yetu kila anayepika rubisi humpelekea Mwami kibuyu cha kwanza kabla hajaonja yeye. Sasa ni nani katika eneo lile hajawahi kukanyaga ndizi hata moja, na anakijua kibuyu cha kila nyumba? Wimbo wangu ulikuwa unamngoja yeye muda wote ule na mimi sikuona (naapa sikuona, nilikuwa namfikiria Kaijage).

Nikaacha nyuzi. Hawakuzihitaji, miguu yao ilikuwa inatosha. Nikapaza sauti nikaweka jina langu mwenyewe, nikidhani wataridhika nalo. Wakacheka sana, wakaona ni ufundi, wakaendelea. Swali likarudi, na safari hii watu wengi walijibu kwa pamoja, sijui nani alianza: "Mwami."

Kumalizia hawakumalizia. Miguu ikasimama, mmoja mmoja wakaanza kutazama chini, na Mwami akautoa mrija mdomoni.

"Nani katunga wimbo huu?" akauliza, tena polepole, kama mtu anayeuliza njia.

Uwanja mzima ukanigeukia. Enanga iko mapajani pangu, nakiona kile kiboko mlangoni vizuri kuliko ninavyomwona Mwami. Nikasikia sauti nyembamba inajibu, kumbe ni yangu: "Si wangu, waitu, bwana wangu. Ni wa watu tu. Hata mimi nimeuokota njiani." Mama mkwe wangu, ambaye sasa alikuwa macho kabisa, akajifunika uso kwa kanga.

"Basi," Mwami akasema, "pole yake huyo mtunzi. Wimbo huu nimeusikia kwa wachungaji wangu, nami nauimba nikioga. Nilitaka kumpa ndama jike." Akatazamana na askari wake, akarudisha mrija mdomoni, akaniambia niendelee na ng'ombe.

Sasa niambieni ninyi, alikuwa anasema kweli au alikuwa ananitega? Koku anasema ni ndama. Mimi nasema ni kiboko, na nisiposema hivyo sipati usingizi.

Bado naziachia nyimbo zangu nafasi, kwa kuwa kutunga kwingine kumenishinda. Lakini nimeapa: nikikaribishwa popote natazama kwanza nani kakaa mbele, na akiwa na askari, naimba pembe za ng'ombe mpaka jua lizame, wapige miayo wapendavyo. Ule wimbo unaendelea kutembea. Kijijini Kanoni yuko mtu anayesema aliutunga yeye, na watu humpa kiti na kibuyu kwa ajili ya wimbo huo. Nilikwenda kubishana naye, nikasimama mbele ya wanywaji wote nikasema wimbo ni wangu. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, si wewe uliyemwambia Mwami kwamba uliuokota njiani?" Nikatafuta pa kukaa, na walipouanza tena ule wimbo nikawaitikia kiitikio.