Mbwa Aliyenijua Mimi Tu

Miaka ile miwa ilipokuwa miwa, kila aliyeezeka nyumba ya mabati karibu na Ekero alitaka na mbwa mkali wa kuilinda. Baba naye hakutaka mbwa hivi hivi. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari, na mkubwa wake, mzungu aliyekuwa anarudi kwao, alimwachia mtoto wa mbwa wa ile jamii ya Kijerumani tuliyozoea kuiona na polisi: masikio makubwa, miguu mizito, mgongo mweusi.

Mzungu alimpa na maneno. Alisema mbwa wote, hata hawa koko wetu wa kuiba mayai, ni kizazi cha mbwa mwitu. Huyu wa kwake ukoo wake ulichunga kondoo na ni mwepesi wa kushtuka, kwa hiyo apelekwe sokoni angali mdogo, ashikwe na watoto, aone baiskeli na miavuli na wanawake wenye mizigo kichwani. Baba alibeba nusu ya kwanza tu ya maneno hayo. Kila mgeni aliambiwa, "Huyu babu yake ni mbwa mwitu," na mgeni akavuta miguu yake chini ya kiti.

Kwetu mbwa wa ulinzi alifundishwa kwa kufichwa. Unamfungia kwenye kibanda cha mbao mchana kutwa asione mtu, unamtilia pilipili kwenye obusuma, ugali wetu, ukimfungulia jioni anamchukia kila apitaye. Pilipili, mtu na akili zake timamu. Mama hakupendezwa. Alimwambia baba, "Samaki mkunje angali mbichi. Mtoe huyo azoee watu." Baba akacheka, akamjibu kwamba mwacha asili ni mtumwa. Mazungumzo yakaishia hapo, maana nyumbani kwetu baba akishacheka basi.

Na mimi je? Nitasema ukweli, kwa kuwa wengi waliokuwepo wamekufa na sina wa kumficha. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, na mimi ndiye niliyempelekea chakula. Akisikia hatua zangu alilia kwa furaha. Akisikia za mtu mwingine yeyote, hata mama, alinguruma. Mimi wa nne kati ya watoto saba sikuwahi kuwa na kitu changu peke yangu. Mama aliponiambia nimtoe kisirisiri, baba akiwa kazini, nimpeleke kwa watoto wa jirani wamshikeshike, nilikubali. Nikamwingiza kwenye miwa nyuma ya nyumba, tukakaa humo wawili mpaka jua likapungua, nikarudi nikamwambia mama wamecheza vizuri. Nilifanya hivyo mara nyingi. Ulikuwa wivu, sina jina lingine la kuupa.

Ukubwani nilisoma kwamba mbwa mwitu waliomsogelea binadamu zamani hawakuwa wale wakali kupita wote, bali wale waliopungukiwa na woga. Na kwamba mtoto wa mbwa ana majuma machache tu ya kujifunza nani ni mwenzake. Yakipita, kila mgeni ni tishio. Wetu hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa mwoga, na meno alikuwa nayo.

Alipotimiza mwaka, nyanya yetu, kukhu, alifariki. Kwetu matanga hayana mlango. Watu walikuja kwa ngoma na nyimbo, trekta zikashusha wakata miwa na masizi yao mwilini, uani pakajaa. Kibandani mbwa alitetemeka, akakataa chakula hata mkononi mwangu.

Siku ya pili akafika senje, dada yake baba, kutoka Butere. Aliingia jinsi binti wa boma anavyoingia akifiwa na mama yake: mbio, mikono kichwani, akilia kwa sauti na kuizunguka nyumba. Alipopita nyuma, ubao wa kibanda ukavunjika, mbwa akamrukia mkononi. Senje alikuwa mshonaji wa nguo. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena.

Mbwa akakimbilia kwenye miwa. Wanaume wakamfuata na mapanga, wakatoka mikono mitupu. Miwa ilikuwa imekomaa, huoni hatua mbili mbele yako. Ndipo baba akanitafuta. Hakunitazama usoni.

"Atakuja kwako tu," akasema. "Tukimwacha ataua mtu. Mwite, mama."

Nilijua wanamtakia nini. Ningeweza kukataa, kujitupa chini na kulia. Lakini ndani nilimsikia senje, na kilio chake sasa hakikuwa cha msiba. Nikaenda ukingoni mwa miwa, nikachuchumaa, nikamwita kwa sauti ya chini.

Alitoka papo hapo, akitambaa kwa tumbo, masikio yamelala, damu mdomoni. Akaweka kichwa mapajani mwangu na kule kutetemeka kukakoma. Nilipotoa kamba aliinua shingo mwenyewe, ili nisipate taabu kuifunga. Nikaifunga, nikampa baba ncha ya pili.