Kamba ya Kumpimia Punda na Dole Gumba Langu

Wasomaji wa gazeti, niwieni radhi kwa mwandiko huu. Nilisoma madarasa matatu tu katika shule ya misheni, na mkono wangu ni mzito. Herufi zangu hulala kama mtama uliopigwa na upepo. Nikikosea maneno, yanyosheni mnaposoma. Karatasi hii nimeianza mara nne, na kila mara nimeinuka kwenda kumtazama punda.

Kwetu ni Mkonze. Mimi na mama tunakaa katika tembe ya mjomba, kaka yake mama. Mwaka ule reli ilipopita kwetu kuelekea Tabora, Bwana mmoja wa Kidachi, mpima njia, alikuwa na punda jike mweupe wa Maskati, mrefu, ndiye aliyempanda. Punda akaumia mguu. Bwana hakutaka kumpiga risasi kwa sababu alikuwa na mimba. Aliposikia kwamba mjomba ana zizi zuri, akamwekesha punda yule kama sisi tunavyowekeana ng'ombe.

Kwetu mtu akikuwekesha ng'ombe, maziwa unakunywa wewe, na siku ya kuwachukua anakuachia ndama mmoja kwa taabu yako. Bwana aliikubali desturi hiyo, ila aliongeza neno lake. Alisimamisha fimbo kando ya nguzo ya mlango wetu, akakata alama kwenye nguzo kwa kisu, usawa wa kwapa langu. Msimamizi wake, mtu wa pwani, akatufasiria: "Mtoto ambaye mgongo wake utafika hapa ni wa kupandwa, huyo wa Bwana. Asiyefika ni wenu."

Mama aliitazama ile alama kwa muda. Maji yetu huchimbwa katika mchanga wa korongo, mbali, na mama huyabeba kichwani. Mgongo wake ulikuwa umeanza kukataa. Asubuhi alishika ukuta ndipo asimame. Akasema polepole, "Mungu amjalie awe mfupi."

Tangu siku ile sikutulia.

Punda alizaa mvua za kwanza. Mtoto alikuwa dume, miguu mirefu mno, kifua chembamba, tumbo hakuna. Mjomba anajua ng'ombe kuliko watu. Alimzunguka mara mbili, akasema, "Huyu ana njaa. Ndama wa namna hii hafiki mwezi." Akaniamuru nimnyweshe maziwa ya ng'ombe kwa kibuyu, asubuhi na jioni. Nilifanya hivyo. Siku ya tatu mtoto alianza kuharisha, siku ya nne akalala chini na masikio yake yakawa baridi. Nilikwenda kumgusa kila nilipoweza, hata mjomba akaniuliza kama nimemzaa mimi.

Siku hizo mzee mmoja wa Kirangi kutoka Kolo alikuwa amepiga kambi karibu na stesheni na punda wake wa kubeba tumbaku na nta. Mama ndiye aliyemwita. Macho ya mzee yalikuwa na ukungu, basi alitazama kwa mikono. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia huku mkono wake ukiwa tayari umeshika ziwa la mama punda.

"Ziwa limejaa, linadondoka," alisema. "Mtoto mwenye njaa haachi ziwa likadondoka. Mmempa nini?"

"Maziwa ya ng'ombe," mjomba akajibu.

"Mmemwita ndama, mkamlisha kama ndama." Alicheka kidogo. "Maziwa ya punda ni mepesi na matamu. Yenu ni mazito kama uji wa harusi. Acheni."

Kisha alinishika mkono akaupitisha juu ya mbavu za mtoto. Akanifundisha kwamba mbavu zisionekane kwa macho, lakini vidole vizipate bila kukandamiza. Nikizikosa, amenenepa; nikizihesabu kwa macho, amekonda. Akaniambia nitazame pande mbili za shina la mkia kama pamebonyea, na manyoya kama yamelala au yamesimama. Na miguu mirefu isinitishe, kwa sababu punda huzaliwa na karibu miguu yake yote, mwili ndio unaofuata nyuma. Tuliacha maziwa, na baada ya siku mbili mtoto alisimama akanyonya. Mjomba alikwenda kukagua ng'ombe wake ambao hawakuwa na shida yoyote.

Mtoto alipotimiza miezi mitatu msimamizi alikuja kwa treni ya kubebea mchanga wa reli. Alitaka kujua, je, Bwana amhesabu huyu kuwa wake au asimhesabu. Mjomba akasema yule mzee wa Kolo yuko tena stesheni, naye anajua kuona urefu wa mbele. Wakamwita. Watu wa jirani nao wakaja, maana walikuwa hawajaona urefu ukipimwa kabla haujakuwapo.

"Mzee," msimamizi akamwambia, "wewe unapima punda au unapiga ramli?"

"Ramli ina mchanga mwingi, mwanangu. Mimi nina kamba tu."

Akatoa kamba nyembamba ya gome la mbuyu, nyeusi kwa kushikwa. Alieleza kwamba kamba hushikwa kwenye kiwiko cha mguu wa mbele, ikateremshwa mpaka kwenye kifundo, juu ya kwato. Kisha ncha ya chini hupinduliwa ikapelekwa juu, ya kiwiko haiondoki. Inapoishia hewani, hapo ndipo mgongo utakapofika akiwa mkubwa. Alisema baba yake alipima hivyo na kamba haijamdanganya.

Yeye alishika kiwiko. Kifundo hakukiona vizuri, basi akaniita mimi nishike chini.

Nilipiga magoti. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mtungi mtupu. Nilikwisha kumpima mtoto peke yangu kwa uzi wa kushonea, kama nilivyomwona mzee akipima punda stesheni, nikajua kwamba atapita alama. Nikapandisha dole gumba juu ya kifundo, vidole vitatu.

"Umeshika penye kifundo, mwanangu?" mzee akauliza.

"Ndiyo, babu."

Ndilo neno pekee nililosema siku ile. Kamba ikapinduliwa, msimamizi akasimamisha ufito pale ilipoishia, akaupeleka kwenye nguzo. Ulikuwa chini ya alama kwa vidole viwili.

"Chukueni," msimamizi akasema. "Bwana hapandi mbuzi." Watu wakacheka, na mama akaingia ndani haraka.

Sasa ni karibu miaka mitatu. Punda wetu anabeba vibuyu vinne vikubwa, na mama hashiki ukuta tena. Lakini punda alikua. Kila asubuhi mjomba akienda na ng'ombe, nilimsimamisha kwenye nguzo. Masika yaliyopita alifika kwenye alama. Nikachimba kishimo pale anaposimama.

"Unafukua nini?" mjomba aliniuliza.

"Maji ya mvua yapite."

"Mvua gani, na mtama tumekwisha kata? Au unamzika panya?"

Msimamizi atakuja mtama ukiisha kuwekwa ghalani, kumchukua yule jike. Nikisikia treni natoka kwenda kumtazama punda. Tena liko jambo jingine ambalo sikulifikiri nilipopandisha dole. Stesheni watu wamemwona punda wetu, na yule mzee alipokuja wakamwambia, "Babu, kamba yako imeliwa na mchwa." Zamani watu walimwita kutoka mbali akiwa njiani, apime. Sasa hawamwiti. Mara ya mwisho nilimwona amefungia mzigo wa tumbaku kwa kamba ile ile. Aliuliza hali ya punda, nikajibu hajambo, nikaondoka.

Juzi nilimwambia mama. Alikuwa anapepeta mtama, hakuacha.

"Kwa hiyo yule mzee hakukosea."

"Hakukosea."

"Basi mwambie."

"Siwezi kusema mbele ya watu, mama. Unanijua."

"Si walikufundisha kuandika?"

Nikamuuliza maji yatakuwaje punda akichukuliwa. Akasema korongo halijahama.

Basi wasomaji wa Kolo na Kondoa, mkimjua mzee anayepima punda kwa kamba ya gome la mbuyu, msomeeni karatasi hii kwa sauti, na wengine wakiwapo. Mwambieni kamba ilipungua vidole viwili kwa sababu niliiba vitatu. Leo asubuhi nimempima punda mahali pa tambarare, amepita alama kwa kidole kimoja. Vilevile kama ambavyo kamba ingesema.

Najua msimamizi naye husoma gazeti. Kishimo nimekifukia. Niandikieni upesi, tafadhali, mniambie mzee amesema nini. Na kama kati yenu yuko mtu aliyewahi kumwomba Mdachi amwachie kitu ambacho kwa haki ni cha Mdachi mwenyewe, aniambie alianza kwa maneno gani. Barua ziacheni stesheni. Mwalimu wetu hupita kuzichukua.